Mama Bado, Msomaji wa Vioo

Wapendwa mliokuja kumsindikiza, wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake marehemu, yule kinyozi wa kona ya soko. Familia ilimchagua kwa sababu moja tu: ndiye pekee aliyezoea kuongea huku wenzake wamekaa kimya na hawawezi kuondoka. Ameonywa asiseme "mimi", kwa kuwa wasifu ni wa dada yake na si wake. Ameahidi kujaribu.

Marehemu Daktari, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Bado, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi mwaka 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha treni. Alikuwa kifungua mimba wa baba mpiga chapa na mama mshonaji wa nguo. Baba alisimulia mpaka uzeeni jinsi alivyoshinda mlangoni siku ile. Kila mkunga alipochungulia, baba aliuliza, "Tayari?" na mkunga akajibu, "Bado." Baba akatembea mpaka relini, akarudi. "Tayari?" "Bado, baba, hebu tuache tufanye kazi." Jua lilikuwa limeshapinda alipoitwa ndani, na maneno mazuri yote aliyokuwa amempangia mke wake yakawa yamemtoka kichwani. Kwa hiyo neno lile lilimtangulia dada duniani kwa nusu siku nzima.

Alilelewa chini ya meza ya cherehani. Kazi yake ya kwanza, kabla hajajua kusoma, ilikuwa kumtengea mama vifungo. Vifungo vyeusi na vile vya bluu iliyokolea hufanana kama pacha ukiwa ndani, na mama alikuwa amewahi kushona koti la bwana mmoja lenye kifungo kimoja cha bluu katikati ya vyeusi, akaaibika soko zima. Basi dada alipewa bakuli. Mama akiuliza, "Umemaliza, mama?" utasikia, "Bado," na ukitazama utamkuta dirishani, kifungo kimoja mkononi, anakigeuza kwenye mwanga, anakirudisha, anakigeuza tena. Kinyozi alipozaliwa, miaka sita baada ya dada, na kukua kidogo, naye alipewa bakuli lake. Alilimaliza mara moja, kwa kuchanganya vyote. Alifinywa sikio, na hakupewa bakuli tena, jambo ambalo ndilo alilokuwa analitaka.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1963, ile iliyokuwa ng'ambo ya reli, yenye darasa moja lililovuja kwenye kona ya ubao. Huko nako alimtia mwalimu wa sayansi majaribuni. Mwalimu aliinua jani mbele ya darasa akauliza ni la mti gani. Mikono ikapanda. Mwalimu, kwa kuwa alijua nani ana jibu, akamchagua dada.

"Bado, mwalimu."

"Bado nini?"

"Bado sijaliona upande wa pili."

Darasa lilicheka. Mwalimu naye alitaka kucheka, akaligeuza jani ili amkomoe, na upande wa pili palikuwa pamejaa mayai ya mdudu, madogo kama punje za chumvi, yamepangwa safu kwa safu. Tangu siku hiyo mwalimu alimwazima vitabu vyake mwenyewe. Mwaka 1970 akaenda sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1975. Mwaka uliofuata akaingia chuo kikuu kusomea udaktari, akahitimu 1981. Mama alimshonea gauni la mahafali na kumkabidhi vifungo vyake avikague kwanza.

Wengi walidhani atakuwa daktari wa kushika watu mapigo ya moyo. Yeye alirudi chuoni akasomea patholojia, akafuzu mwaka 1987. Baba alitaka aelezwe hiyo patholojia ni mdudu gani. Dada akamwambia: ni yule daktari usiyemwona. Ukikatwa kinyama mwilini, kinapelekwa kwake. Kinalowekwa dawa kisioze, kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa kwa mashine vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, kinatandazwa juu ya kipande cha kioo na kutiwa rangi, ya waridi na ya zambarau. Kisha yeye anakiweka kioo chini ya hadubini, anakisoma, anasema hiki ni nini.

"Kwa hiyo ni vifungo vilevile," baba alisema.

"Vilevile, baba."

Hospitali kuu ilimwajiri mwaka huohuo, na huko akatumikia mpaka alipostaafu mwaka 2016. Maabara yake ilikuwa chini kabisa ya jengo, ukuta mmoja na chumba cha kufulia mashuka, kiasi kwamba hadubini ilitetemeka kila mashine ya kufulia ilipoanza kukamua. Dada alijua ratiba ya mashuka kuliko wafuaji wenyewe. Alivaa ndala za mpira na koti lenye madoa ya zambarau kifuani, na alinuka dawa ile ya kulowekea nyama hata siku za harusi za watu.

Kazi aliyojulikana nayo ilikuwa ya mdomo na taya. Alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba mdomo ni nyumba ya wapangaji wengi. Saratani nyingi za mdomo huanzia ukutani, kwenye ile ngozi laini ya ndani, na hizo daktari makini huziona. Lakini nyuma ya ukuta wanaishi wengine: misuli, mafuta, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu. Mara chache sana, mmoja wa hao ndiye anayeharibika. Hakuna kidonda, hakuna harufu. Kuna uvimbe tu, na mwenye uvimbe anasema jino, jirani yake anasema jino, na daktari aliyechoka naye anasema jino. Anapewa dawa ya jipu. Anang'olewa jino ambalo halikuwa na kosa lolote. Uvimbe unazidi kukua, na siku unapofika maabara umeshakula taya. Kwa sababu hiyo dada aliwapiga marufuku wanafunzi wake kutamka maneno matatu, "ni jino tu". Aliyeyatamka alisimama mpaka kipindi kikaisha.

Basi akaitwa Bado. Madaktari wa upasuaji walipiga simu chini: "Daktari, majibu?" "Bado." Walinung'unika kwamba nyama ikienda kwa yule mama inazeeka. Aliwaacha wanung'unike. Hakuwa mvivu wala mwoga, alikuwa anageuza jani. Kila kioo alikiona kama koti la mtu.

Jina lilitoka hospitalini likaingia mjini kwa mkono wa mtu mmoja, ambaye amekaa pale nyuma leo, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hajapaza sauti. Huyu ni mnadi wa mitumba. Mwaka 1994 aliota uvimbe tayani, ukakua mbio mpaka mashavu yake yakawa hayalingani. Kipimo cha kwanza, kilichofanywa kwingine, kilisema saratani ya nyama laini. Siku ya upasuaji ikapangwa, aondolewe nusu ya taya la chini. Yeye aliwaambia madaktari, "Waheshimiwa, mdomo wangu ndio duka langu. Mkilibomoa nitauza nini?" Lakini alikubali, maana alikuwa na watoto wadogo.

Vile vioo vililetwa kwa dada, kama utaratibu tu. Akavitazama, akaviweka kando, akapanda ngazi kwenda wodini na ndala zake, kitu ambacho daktari wa maabara hakifanyi. Akamkuta mnadi amelala ameuelekea ukuta.

"Uligongwa na nini hapa?"

"Sikugongwa, mama."

"Fikiri vizuri."

"Mimi sigombani na mtu, mama. Mimi ni... Aa. Kuna bunda la nguo liliniangukia. Ule mkanda wa chuma ulinipiga hapa. Lakini hilo si jambo."

"Kabla ya uvimbe au baada?"

"Kabla kidogo."

Dada alishuka akasema neno lake. Daktari wa upasuaji alimfuata chini akiwa amekasirika. "Uvimbe unakua kila siku, wewe unasema bado?" Akamjibu, "Ndiyo maana. Saratani ina haraka, lakini huu una papara." Akavitia vipande vipya rangi za ziada, zile zinazoonyesha nyama imetokana na nini, akatazama tena na tena, akisubiri mashuka yamalize kukamuliwa. Mwishoni akaandika kwamba haikuwa saratani. Ilikuwa nyama iliyokimbilia kuziba jeraha na haikujua pa kuachia. Chini ya hadubini, nyama hiyo na saratani zinafanana kama vifungo vya mama. Uvimbe ukaondolewa peke yake, taya likabaki, na mnadi akarudi sokoni. Tangu hapo kila nguo aliyoinadi aliimalizia hivi: "Imekwenda? Bado! Kama alivyosema Mama Bado, bado!" Dada alipopita sokoni alifunika uso kwa mtandio.

Si kila bado yake ilileta habari njema. Kuna mwashi aliyetibiwa jipu la shavu mara kadhaa, na daktari wake alikuwa tayari kumtibu tena. Dada alisoma kioo chake akakuta ni mpangaji wa nyuma ya ukuta, na kwa kuwa alimjua mapema, mwashi alikatwa mapema. Alibaki na shavu lililobonyea, na alijenga nyumba yake mpaka bati la mwisho. Kinyozi naye alijifanya msaidizi wa kazi. Kidevu hakimfichi kinyozi kitu, basi kila aliyekuwa na kinundu alimpeleka kwa dada. Wengi walikuwa na vipele vya ndevu. Mmoja alikuwa na matubwitubwi. Na mmoja, ambaye kinyozi alimkimbiza kwa teksi akiwa bado na povu usoni, alikuwa na peremende.

Katika ndoa, marehemu aliunganishwa na fundi saa mwenye kibanda karibu na posta, tarehe 17 Desemba 1983. Fundi alipomposa mara ya kwanza aliambiwa, mnajua. Mara ya pili vilevile. Ndugu zake wakamshauri atafute kwingine. Akawaambia, "Mimi nauza saa. Nikikosa subira mimi, nani atakuwa nayo?" Mara ya tatu alimkuta dada amekaa kibandani kwake, amevaa ile lenzi ya fundi jichoni, anachungulia ndani ya saa ya mtu. Hakuinua uso. Alisema, "Sasa ndiyo." Fundi aliogopa kuuliza kama ndiyo ile ilikuwa yake au ya saa, akaamua kuichukua hivyohivyo. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume mwaka 1985, leo ni mwalimu wa hesabu. Nyumba yao ilikuwa na saa nyingi ukutani, kila moja ikiwa na ukweli wake, na watu wawili wasiopenda kubishana.

Kuna mtoto mwingine aliyemlea, ingawa hakumzaa. Binti wa kinyozi alianza kumfuata shangazi yake maabara akiwa na sare za shule. Ilikuwepo hadubini ya watu wawili, ambayo mnatazama kioo kimoja kwa pamoja, mwalimu huku, mwanafunzi kule. Dada alimkalisha hapo. Hakumwonyesha kitu, alimuuliza tu. "Unaona nini?" "Saratani, Shangazi." "Sikukuuliza jina lake, nimekuuliza unaona nini." Mtoto akajifunza kuanza na rangi, kisha umbo, kisha mpangilio, na jina likaja mwisho kabisa. Naye akawa daktari wa kazi ileile, na dada alipostaafu, yeye ndiye aliyekabidhiwa funguo za maabara. Siku hiyo kinyozi alilia mbele ya wafua mashuka.

Sasa tumefika mahali ambapo kinyozi angependa kupita mbio, lakini dada hakumfundisha hivyo.

Septemba 2021, familia ikiwa imekaa kula Jumapili mchana, kinyozi alimtazama dada yake upande wa pili wa meza. Akaona kile ambacho macho yake yamezoea kuona.

"Dada, shavu la kushoto limejaa."

"Ni peremende," akasema, na meza nzima ikacheka, kinyozi akiwemo.

"Nasema kweli. Limejaa."

"Ni jino tu, bwana. Kula."

Ni jino tu. Alitamka mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya binti ambaye aliwahi kumsimamisha darasani kwa maneno hayohayo. Tulisikia sote. Binti aliinua uso, akamwangalia shangazi yake, kisha akainamia sahani. Wahenga walisema mganga hajigangi, na kinyozi amelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile bila kupata faraja yoyote ndani yake. Mwaka ukaisha. Jino likang'olewa, lilikuwa zima. Pengo halikufunga, na mwezi Februari nyama ikaanza kuchomoza kwenye pengo lile. Hapo dada akaenda mwenyewe, bila kusukumwa, kwa daktari wa meno aliyekuwa mwanafunzi wake, akamwambia, "Nikate kipande. Na usiniambie unadhani nini."

Kipande kilikwenda maabara ileile. Binti alikisoma, na baada ya siku chache dada akapiga simu kuuliza majibu. Binti akajibu, "Bado, Shangazi. Natia rangi za ziada." Zikatiwa. Dada akapiga tena. "Bado, Shangazi." Alhamisi tarehe 17 Machi 2022, dada alivaa viatu vyake vya kutokea, akamwambia kinyozi amsindikize, akashuka zile ngazi alizozishuka maisha yake yote ya kazi.

Kinyozi alibaki mlangoni, kofia mkononi. Aliona kila kitu. Dada alikaa kwenye hadubini ya watu wawili, upande wa mwanafunzi. Akamwonyesha binti kiti cha mwalimu.

"Weka kioo."

Binti akaweka. Wakainama wote wawili. Upande wa pili wa ukuta mashine ilianza kukamua mashuka, picha ikatetemeka, wakasubiri. Iliponyamaza, dada alitazama kwa muda. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Soma."

"Bado, Shangazi."

"Bado ya macho au bado ya moyo?"

Binti alizidi kuinamia lenzi.

"Mwanangu. Ukiwa hujaona, kusema bado ni kazi. Ukiwa umeona, hiyo bado ni uongo, na mgonjwa ndiye anayeilipia. Mimi nimeshalipa ya kwangu, ile ya "ni jino tu" mezani. Usiniongezee yako. Unaona nini?"

Binti akaanza. Alisoma rangi. Alisoma umbo la chembe hai, ndefu, zimesongamana kama nyuzi. Alisoma zinavyogawanyika ovyo, zinavyoingia mfupani. Alisoma zile rangi za ziada moja baada ya nyingine, hii imeshika, hii haikushika, kwa hiyo si hiki, kwa hiyo si kile. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya mkono aliokuwa anasogezea kioo, na hakuuondoa. Mwisho kabisa, kama alivyofundishwa, akasema jina: saratani ya nyama laini ya taya, iliyoanzia kwenye misuli, na ni kali.

Dada akainua kichwa. "Umesoma vizuri," akasema. Akamfuta uso kwa mtandio wake. "Sasa peleka kwa mtu mwingine akisome naye, maana mimi ni damu yako na kazi ina taratibu. Lakini umesoma vizuri."

Bingwa wa hospitali nyingine alikisoma, akaleta jina lilelile. Katika miaka yake yote marehemu alikuwa ameziona za aina hiyo chache mno, na moja ikawa yake.

Mwezi Aprili aliondolewa nusu ya taya la chini, upande wa kushoto. Lile taya aliloliokoa kwa mnadi, kwake halikuokoka. Maneno yakawa yanatoka yamejikunja, na yeye hakupenda kusema kitu kisichoeleweka, basi akaanza kutumia mkono. Neno lake kuu alilifanyia alama: kiganja chini, anakitikisa polepole. Umeshiba? Kiganja. Unaumwa, tukupe dawa? Kiganja. Mnadi alikuja akasimama chini ya dirisha akamnadia koti zima kwa sauti yake yote, majirani wakatoka nje, na alipouliza, "Imekwenda?" dada alitoa mkono dirishani akautikisa. Watu walipiga makofi. Mnadi aligeuka akaenda kulia nyuma ya ukuta.

Jambo moja aliliagiza kwa maneno, akihakikisha kila neno linasikika. Alitaka vioo vyake visifungiwe kabatini. Binti avifundishie. "Waambie mwenye hivi alikuwa daktari wa kazi hii," alisema. "Waambie alisema ni jino tu." Binti aliomba aruhusiwe kuacha hiyo sehemu ya mwisho. Kiganja hakikutikisika. Kichwa ndicho kilichotikisika, hapana. Muhula uliopita wanafunzi wa mwaka wa tatu walivisoma, na binti aliwaambia.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2023 ugonjwa ulifika mapafuni. Alitaka kuwa nyumbani, katikati ya saa za mumewe, na tukamleta. Fundi alizisimamisha zile zenye kelele, akaziacha zile za kunong'ona. Tulimwambia kila siku, Mama, pumzika sasa. Dada, lala kidogo. Kiganja. Alikuwa na mjukuu wa kumsikiliza jedwali la kuzidisha. Alikuwa na wanafunzi wa binti waliokuja kumsalimia wakaishia kuulizwa maswali kwa vidole. Maisha yake yote mtu huyu hakuwahi kukubali kupumzika alipoambiwa.

Alhamisi tarehe 1 Juni asubuhi kinyozi alikwenda kumnyoa nywele, kama alivyofanya kila mwezi tangu arudi nyumbani. Alimkalisha na mito, akamfunga shuka shingoni, akachukua mkasi. Nywele zilikuwa nyeupe na laini kama za mtoto. Hakuongea, na wateja wake watajua hilo lilimgharimu nini. Alipomaliza alifanya kama anavyofanya dukani kwa kila mtu: alishika kioo mbele yake akauliza,

"Tayari?"

Baada ya kutamka ndipo alipomkumbuka baba mlangoni.

Dada alijitazama. Aligeuza uso upande wa kulia, ule uliobaki mzima, akautazama. Akageuza upande wa kushoto, ule uliokatwa, akautazama kwa muda mrefu zaidi, bila kuchukia, kama anavyotazama kioo cha mtu yeyote. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka. Kinyozi aliungojea utikisike. Haukutikisika. Dada alimwangalia mdogo wake ndani ya macho, akainamisha kichwa mara moja. Ndiyo.

Alifariki kesho yake, Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Marehemu ameacha mume, fundi saa, ambaye alimsubiri kabla ya ndoa na anasema yuko tayari kumsubiri tena. Ameacha mwana mmoja, mwalimu. Mkwe mmoja aliyemwita binti. Na wajukuu watatu, mmoja wao amefika jedwali la saba. Ameacha wifi mmoja, ambaye walielewana kuliko kawaida ya mawifi. Ameacha binti wa mdogo wake, msomaji wa vioo, ambaye kesho kutwa anarudi kazini, kwa sababu vioo vya watu vinamngoja. Ameacha watu wengi wanaotafuna, wanaoimba na wanaonadi kwa mataya yao wenyewe, na wengine walioondolewa taya wakaachiwa uhai. Wengi wao hawakuwahi kumwona. Na ameacha mdogo mmoja, kinyozi.

Kinyozi huyo anaomba ruhusa avunje ahadi aliyoitoa mwanzoni.

Dada yangu, ni mimi. Nimekusoma pande zote mbili, kama ulivyotaka, na sikuficha. Kazi imekwisha, mashuka yamenyamaza, mtoto amesoma vizuri. Pumzika kwa amani sasa. Na safari hii, nakuomba, usinijibu.